Salum Abdallah: Aliyeijua Cuba kwa santuri

JINA la Salum Abdallah Yazidu, au SAY kama alivyojulikana kwa mashabiki wake, si geni masikioni mwa wapenzi wa muziki wa dansi wa zamani nchini. Ajuza na vikongwe walioucheza wakiwa vijana hulitaja kwa furaha, na wakusanyaji wa santuri za kale bado wanazisaka kazi zake.

Mwanamuziki huyo alizaliwa Morogoro mwaka 1928 na kukulia katika mji uliozungukwa na mashamba ya mkonge. Wakati huo gramafoni ilikuwa fahari ya wachache. Ilitiwa ufunguo kwa mkono hadi kamani ikaze, kisha sindano ya chuma ikashushwa juu ya santuri nzito, iliyovunjika upesi kama sahani. Muziki ulidumu dakika tatu hivi, ikabidi santuri igeuzwe.

Miongoni mwa santuri hizo zilikuwamo zile za herufi GV, ambazo kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kuziuza Afrika katika miaka ya 1930. Zilijaa rumba na son za Cuba. Wasikilizaji wengi hawakujua neno hata moja la Kihispania, lakini miguu ilielewa.

Kijana Salum alinaswa kabisa. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akikusudia kwenda Cuba kwenyewe, safari iliyoishia Mombasa. Wapo watakaocheka, ingawa kwa kijana ambaye hakuwa na mwalimu mwingine zaidi ya santuri, hilo halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo.

Mwaka 1948 aliunda bendi mjini Morogoro na kuiita La Paloma, jina la wimbo maarufu wa Kihispania. Baadaye ikawa Cuban Marimba Band. Kama hakuweza kuifikia Cuba, aliileta Morogoro na kuivika Kiswahili. Nyimbo zake zilihusu mapenzi, wivu na majungu, na nchi ilipojipatia uhuru mwaka 1961, siasa nazo zikapata nafasi.

Mjini humo hakuwa peke yake. Morogoro Jazz Band, iliyoundwa mwaka 1944, ilikuwa mpinzani wake mkubwa, na mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga. Kwa ushindani huo, mji mdogo chini ya milima ya Uluguru ulitikisa kumbi za nchi nzima.

Kazi zake nyingi zilitolewa kwenye santuri zenye nembo ya Mzuri, ya wafanyabiashara wa Mombasa, mji uleule ulioikatisha safari yake ya ujana. Safari hii sauti yake ilipita Mombasa bila kuzuiwa, ikaenea Afrika Mashariki.

Alifariki dunia kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 37 tu. Uongozi wa bendi ulishikwa na Juma Kilaza, mwimbaji hodari aliyeuendeleza muziki huo katika miaka iliyofuata.

Santuri nyingi za enzi hizo zimepasuka au zimelika kwa sindano. Hata hivyo, mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya nyimbo zake za kati ya 1955 na 1965 na kuzitoa kwenye CD iitwayo Ngoma Iko Huku. Kwenye baadhi ya nyimbo, mkwaruzo wa sindano bado unasikika.