Mchoraji wa Kabara

Mjomba wangu alizaliwa Kibumba, chini ya mlima Mikeno, na sasa anaishi nasi Kadutu kwa sababu ambazo msomaji wa Bukavu hahitaji kuelezwa. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu picha ya kizimba kimoja cha kioo katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, mjini New York. Ndani yake mna gorila waliokaushwa, dume lao limesimama likijipiga kifua. Mjomba hakuwajali gorila. Aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka nyuma kabisa, penye milima na mawingu, akaanza kueleza mtu huwa amesimama wapi akiiona hivyo. Kisha akauliza ni nani aliyepanda na kamera hadi kule. Nikamwambia kwamba ile si kazi ya kamera. Ule ni ukuta, na mtu aliupaka rangi.

Mtu huyo ni William Robinson Leigh. Kwao Marekani anajulikana kwa farasi, Wanavaho na majangwa ya magharibi. Huku kwetu, ambako alichora kazi ninayoiona kuwa bora kuliko zote, hatajwi.

Alizaliwa mwaka 1866 huko West Virginia, katika familia ya mashamba makubwa iliyofilisika kwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Lilikuwa tabaka lililotajirika kwa jasho la watumwa, na jambo hilo nitalirudia. Alianza kusoma uchoraji Baltimore akiwa na miaka 14, na kabla hajafikisha 18 alikuwa Munich, Ujerumani, katika chuo cha kifalme cha sanaa. Alikaa huko takriban miaka 12, tena kwa shida ya fedha. Ili apate chakula alifanya kazi katika timu za kuchora picha kubwa za duara, zile ambazo mtazamaji husimama katikati na vita au mateso ya Yesu yakamzunguka pande zote. Wachoraji wa heshima waliidharau kazi hiyo. Leigh aliifanya kwa sababu ya njaa, na ndiyo iliyokuja kumleta Kivu.

Aliporudi New York mwaka 1896 aliishi kwa kuchorea majarida. Ndoto yake ilikuwa magharibi, lakini nauli hakuwa nayo. Mwaka 1906, akiwa na miaka 40, aliafikiana na kampuni ya reli ya Santa Fe: wampe safari ya bure, naye awachoree Korongo Kuu la Arizona. Kampuni iliipenda picha, ikaagiza nyingine. Hivyo ndivyo mandhari zilivyochorwa wakati ule, ili kuuza tiketi.

Hapa naomba kuchepuka kidogo. Neno letu mandhari limetoka Kiarabu, katika mzizi wa kutazama. Hakuna mandhari bila mtazamaji, na kuna picha ambazo mtazamaji wake ni hakimu mkali. Mwaka 1910 Harry Rountree alichora viwanja vya gofu vya Uingereza kwa ajili ya kitabu cha Bernard Darwin. Nyasi, mchanga, kilima, upepo: kwa mtu wa kawaida ni majani tu. Lakini mchezaji aliyepoteza mpira kwenye shimo fulani analijua kila tuta lake, na mchoraji akilisogeza tuta hilo hata kidogo, ameumbuka. Picha ya namna hiyo huhukumiwa na aliyewahi kusimama pale. Kazi ya Leigh katika milima yetu ilikuwa ya jamii hiyo.

Aliyemleta ni Carl Akeley, mkaushaji wa wanyama, ambaye mwaka 1921 aliua gorila katika milima ya Virunga, kisha akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde waliobaki. Hifadhi ikaanzishwa mwaka 1925. Leo tunaiita Virunga. Akeley alikataa picha za kubuni. Alitaka kila kizimba kionyeshe mahali halisi, hivyo mwaka 1926 akarudi Afrika pamoja na wachoraji, Leigh akiwa mmoja wao, mwenye miaka 60. Filamu ya kawaida ya wakati huo ilileta nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo rangi ya moshi, ya kuvu na ya jani lililolowa ilibidi ishikwe kwa brashi palepale.

Kabara iko juu ya mita 3,000, kati ya Mikeno na Karisimbi. Ukungu hufunga, hufunguka dakika chache, hufunga tena. Akeley alifika akiwa mgonjwa, akafariki tarehe 17 Novemba 1926, akazikwa hapohapo. Wenzake wangeweza kushuka. Mjane wake, Mary, aliamua kazi iendelee, na Leigh akabaki akichora karibu na kaburi bichi.

Michoro yake ya mafuta ilihamishiwa New York, kwenye kuta zilizopinda. Ukuta uliopinda hudanganya: mstari ulionyooka huonekana umelegea, na mlima hunenepa ukitazamwa kutoka pembeni. Leigh alikuwa amejifunza kusahihisha udanganyifu huo Ujerumani, katika kazi ile ya njaa. Ukumbi wenye vizimba 28 ulifunguliwa mwaka 1936. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu kuhusu safari zake za Afrika. Alifariki mwaka 1955.

Lakini kizimbani hamna mtu. Waliobeba vitambaa vyake, rangi zake na mahema kwenye mteremko ule walikuwa watu wa huku, na hakuna hata mmoja aliyebaki ukutani. Sidhani Leigh aliwafuta kwa chuki. Nadhani mtoto wa mashamba yale alizoea tangu utotoni kutowaona wanaobeba. Jicho lililoona tofauti ya kijani na kijani lilikuwa na upofu wake, na mtazamaji wa New York, kizazi baada ya kizazi, ameirithi Kivu isiyo na wenyewe. Profesa mmoja aliniambia sheria ya vizimba vile ni wanyama tu, kwa hiyo nisimwonee mchoraji. Nimemsikia, sijakubali.

Mjomba naye hakuuliza watu wako wapi. Aliuliza kama picha inaweza kutolewa kwenye karatasi. Tulikwenda kwa kijana mwenye mashine karibu na soko, mjomba akamwelekeza cha kukata. Sasa imebandikwa juu ya kitanda chake: mawingu na milima, bila gorila.