Sajini John Basilone: Shujaa Aliyeikataa Salama

Waswahili wamenena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaasa wale wanaokimbilia hatari. Maisha ya Sajini John Basilone, askari wa kikosi cha Marine cha Marekani aliyeuawa katika Vita vya Pili vya Dunia, yanaipa uzito wa pekee, kwa kuwa yeye alikwisha kufunguliwa mlango wa salama, naye akakataa kuuingia.

Basilone alizaliwa tarehe 4 Novemba 1916 mjini Buffalo, katika jimbo la New York, akalelewa katika mji mdogo wa Raritan, New Jersey. Alikuwa mmoja wa watoto kumi wa fundi cherehani aliyehamia Marekani kutoka Italia. Masomo yake yalikomea darasa la nane. Mwaka 1934 alijiunga na jeshi la nchi kavu, akatumikia nchini Ufilipino, ambako alisifika kwa ndondi. Huko ndiko lilikotoka jina lake la utani, Manila John. Aliporejea kwao aliendesha lori kwa muda, kisha mwaka 1940 akajiandikisha katika Marine, kikosi ambacho askari wake hushuka melini na kuvamia nchi kavu.

Usiku mmoja ndio uliolivumisha jina lake. Mnamo Agosti 1942 Wamarekani walitua Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon, wakauteka uwanja wa ndege uliokuwa ukijengwa na Wajapani. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba, Wajapani walishambulia kwa nguvu ili waukomboe. Basilone alikuwa kiongozi wa makundi mawili ya wapiga bombomu, yaani bunduki nzito za rashasha. Kundi moja liliposambaratishwa na kubakiwa na watu wawili tu walioweza kupigana, alihamishia bunduki nyingine mahali hapo, akaitengeneza iliyoharibika na kuifyatua mwenyewe. Risasi zilipokaribia kwisha na njia ya kuletewa nyingine kukatwa, alipenya katikati ya maadui, akawarudia wenzake na mikanda ya risasi. Kulipopambazuka, uwanja ulikuwa ungali mikononi mwa Wamarekani. Mwaka 1943 alitunukiwa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa kijeshi nchini mwake.

Kuanzia hapo serikali ilimhitaji zaidi jukwaani kuliko vitani. Alirejeshwa Marekani na kuzungushwa miji kwa miji ili kuwashawishi wananchi wanunue hati za dhamana zilizogharimia vita. Mnamo Septemba 1943 maelfu ya watu walifurika Raritan kumlaki. Hata hivyo, shangwe hizo hazikumtuliza. Wenzake walikuwa wakiendelea kufa visiwani, naye akipigwa picha na waigizaji wa sinema. Alipotakiwa awe afisa, alikataa. Aliomba arudishwe vitani, akanyimwa. Akaomba tena, hatimaye akaruhusiwa.

Alipelekwa kwanza katika kambi ya Pendleton, California, kuwafunza askari wapya. Huko alikutana na Lena Riggi, naye pia sajini wa Marine, wakafunga ndoa tarehe 10 Julai 1944. Sasa alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kubaki. Lakini vijana aliowafunza walikuwa wakienda vitani, naye hakutaka waende bila yeye.

Tarehe 19 Februari 1945 walishuka katika kisiwa cha Iwo Jima. Askari wengi walikwama ufuoni, katika mchanga mweusi wa volkano, huku makombora yakiwaangukia. Basilone aliwahimiza vijana wake wasonge mbele. Alipanda juu ya ngome ya adui na kuilipua kwa mabomu, kisha akakielekeza kifaru kilichonasa mahali palipotegwa mabomu ya ardhini hadi kikatoka salama. Alipofika kandokando ya uwanja wa ndege, kombora liliwalipukia, naye akafa siku hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Baada ya kifo chake alitunukiwa Msalaba wa Jeshi la Wanamaji, na mwili wake ukaja kuzikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Manowari ilipewa jina lake, na tangu mwaka 1981 watu wa Raritan wamekuwa wakiandaa gwaride la kumkumbuka. Lena hakuolewa tena hadi alipofariki mwaka 1999.

Hapa ndipo methali ile inapodhihirika. Taifa lilipata jina la kujivunia, mji ukapata sherehe, bali kilio kilikwenda kwa mjane ambaye ndoa yake ilidumu miezi saba tu, naye akaubeba ujane kwa zaidi ya nusu karne. Ushujaa wa Basilone haupimwi kwa idadi ya maadui aliowashinda usiku ule wa Guadalcanal pekee. Unapimwa zaidi kwa uamuzi alioufanya akiwa mbali na risasi, ambapo hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki.