Njiwa Aliyetaga Juu ya Hema la Amr

Ndugu zangu, kila ninapoona kiota chenye makinda kikiangushwa kwa ufagio ili ukuta upakwe rangi, mimi humkumbuka Sayyidna Amr bin Al-Aas, radhi za Allah ziwe juu yake.

Alikuwa Mkureshi wa Makka, mfanyabiashara aliyeijua siasa. Kabla ya kusilimu alitumwa Uhabeshi kumtaka Najashi awarudishe Waislamu waliokimbilia kwake, akarudi mikono mitupu. Alisilimu mwaka wa 8 Hijria. Mwisho wa mwaka 639 aliingia Misri na jeshi la watu wapatao 4,000, na mwaka 641 ngome ya Babiloni, ilipo Kairo ya leo, ikasalimu amri.

Hapo ndipo wanahistoria wetu wanaposimulia kisa cha njiwa. Jeshi likijiandaa kwenda Iskandaria, Amr aliambiwa kuwa njiwa ametaga juu ya hema lake. Akaamuru hema lisiguswe, kwani ndege yule keshakuwa mgeni wake. Aliporudi, watu wake wakapewa makazi kulizunguka hema lile. Mji ukaitwa Fustat, yaani hema, ukawa makao makuu ya Misri. Msikiti alioujenga hapo ungali unasaliwa, ingawa umejengwa upya mara nyingi.

Amr hakuwa mtu laini. Alipigana vita vikali, akaondolewa ugavana zama za Khalifa Uthman, akaurudia wakati wa fitina kubwa, akafariki Misri mwaka 664. Kwangu mimi hilo ndilo somo: kuhurumia viumbe si kazi ya mawalii pekee. Wala hakuvunja safari kwa ajili ya njiwa. Aliacha hema moja tu, akaenda zake.

Sisi tuna tumbili wanaoingia jikoni na kunguru wanaochafua mapaa. Sisemi tuwaachie nyumba. Tufunike mapipa ya taka, tuzibe matundu ya dari wakati hayana makinda. Njiwa hutamia kwa wiki mbili au zaidi kidogo, na baada ya wiki chache nyingine makinda huwa wamesharuka. Rangi yaweza kungoja. Ikiwa amiri jeshi alimwachia njiwa hema lake katikati ya vita, mwenye nyumba wa Kibokoni au Kisauni ana udhuru gani?