Marehemu Mwanamfalme Badru Kakungulu

Marehemu Mwanamfalme Badru Kakungulu alizaliwa mwaka 1907, mwana wa Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Babaye alipofariki mwaka 1921 yeye alikuwa angali kijana mdogo, na amana ya Waislamu ikawa juu yake. Zama zile shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni; wazazi wengi wa Kiislamu walichelea dini ya watoto wao, wakawazuia nyumbani. Badru akatoa ardhi yake ya Kibuli, zikajengwa shule, na msikiti uliowekewa jiwe la msingi mwaka 1941. Kandanda nayo aliipenda, hata kombe la Uganda lililoanzishwa mwaka 1971 likaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1991. Kibuli pangali panasaliwa na kusomwa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.