Holter na Mzigo wa Mgongoni

Jirani yangu hapa Mbaraki, mwalimu mstaafu, alikuwa na mazoea ya kuzimia ghafla. Kila alipopimwa zahanati, mchoro wa mapigo ya moyo ulionyesha salama. Hatimaye alirejea nyumbani amevaa kidude chini ya kanzu, nyaya zimebandikwa kifuani. Alikwenda nacho sokoni, akasali nacho, akalala nacho. Kiliposomwa, ikabainika kuwa usiku wa manane moyo wake ulikuwa ukisita kwa sekunde kadhaa. Maradhi yaliyomkwepa daktari mchana yalinaswa usingizini.

Kidude hicho huitwa Holter. Wengi hudhani ni jina la chombo. Kumbe ni jina la mtu.

Norman Jefferis Holter alizaliwa mwaka 1914 mjini Helena, jimbo la Montana, Marekani. Hakuwa daktari. Alisomea fizikia na kemia, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alilitumikia jeshi la majini akichunguza mawimbi ya bahari. Mwaka 1946 alishiriki kupima mawimbi yaliyosababishwa na majaribio ya bomu la atomiki huko Bikini. Baada ya vita alirudi kwao, akageukia mawimbi madogo mno: umeme wa moyo wa binadamu.

Umeme huo ulikwisha kuchorwa. Mholanzi Willem Einthoven alikuwa amebuni mtambo wake mwanzoni mwa karne ya 20, wenye uzito wa kilo 270 hivi. Mgonjwa ilimbidi aufuate mtambo na kutulia mbele yake. Holter alitaka mtambo ndio umfuate mtu, kwa kuwa moyo haufanyi kazi kitandani tu.

Mwaka 1947 alijitwika mgongoni mtambo wa redio wenye kilo 38 hivi, akaendesha baiskeli isiyosonga huku mapigo yake yakipokewa mbali naye. Mzigo ule hata hamali wa Kilindini angeuhisi mabegani, na hakuna mgonjwa ambaye angeweza kuubeba. Hata hivyo, jambo kuu lilikuwa limethibitika. Transista zilipopatikana, mzigo ulipungua hadi kuenea mfukoni, na mapigo yakahifadhiwa kwenye tepu badala ya kurushwa hewani. Mwaka 1961 Holter alieleza kazi yake katika jarida la Science, na kampuni ya Del Mar Avionics ikavitengeneza vyombo hivyo kwa ajili ya hospitali. Alifariki mwaka 1983, kabla ya ujio wa saa za mkononi zinazochora mapigo ya moyo.

Walimu wenzangu, maisha haya yana funzo kwetu. Shuleni twazitenga elimu kana kwamba hazijuani, hata kijana hodari wa fizikia akadhani hospitali haimhusu. Holter aliivuka mipaka hiyo, na matunda yake yamemfikia mzee wa Mbaraki.

Wala kazi haijakwisha. Jirani yangu alisumbuliwa sana na joto letu: jasho lilibandua nyaya kifuani, naye akawa anazishikilia kwa mkono. Anayeifahamu adha hiyo ni mtoto wa pwani aliyeketi darasani leo. Tumfundishe fizikia, kisha tumpeleke akamtazame mgonjwa.