Alan Turing: jamaa aliyepiga hesabu za madoa ya wanyama

Leo tumcheki Alan Turing. Wengi wanamwita baba wa kompyuta, lakini ana kazi moja isiyotajwa sana, nayo inawahusu wote wanaopenda gemu na filamu za 3D.

Jamaa alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Mwaka 1936, bado kijana kabisa, akaeleza kimahesabu mashine inayoweza kufanya kazi yoyote ukiipa maelekezo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akawa Bletchley Park, akisaidia kufumbua siri za Wajerumani zilizofichwa na mashine ya Enigma.

Baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Manchester, na mwaka 1952 akatoa andiko la ajabu. Swali lake: kiumbe kinaanza kikiwa sawa kila upande, sasa madoa yanatoka wapi? Akasema chukua kemikali mbili. Moja inachochea rangi, nyingine inaizuia, na ile ya kuzuia inasambaa haraka zaidi. Hapo madoa yanajitokeza yenyewe, bila mchoraji.

Mwaka huohuo mahakama ya Uingereza ikamtia hatiani kwa uhusiano na mwanaume mwenzake. Ili asifungwe, akakubali kupewa homoni. Tarehe 7 Juni 1954 alifariki kwa sumu ya sianidi, akiwa na miaka 41 tu. Msamaha wa kifalme ulikuja mwaka 2013. Too late!

Sasa twende kwenye 3D. Jaribu kufunga chungwa kwa gazeti, lazima litakunjamana. Ndivyo ilivyo ukivalisha picha bapa kwenye umbo la mnyama, milia inavutika vibaya. Mwaka 1991 Mmarekani Greg Turk akatumia hesabu za Turing. Hakuvalisha picha, aliiacha milia ya pundamilia na mabaka ya twiga yaote palepale juu ya umbo. Mikunjo kwisha!

Yaani miaka 37 tangu jamaa afariki, swali lake likawa linachora kwenye kompyuta. Pundamilia na twiga wenyewe wapo hapahapa Kagera, hifadhi ya Burigi-Chato. Kwa hiyo mdau, ukiwa na swali ambalo washkaji wanalicheka, usilitupe. Liandike.

Haya, tupia maoni hapo chini!