Moritz von Jacobi

Moritz Hermann von Jacobi (Potsdam, Prussia, 21 Septemba 1801 – Saint Petersburg, Urusi, 10 Machi 1874) alikuwa mhandisi na mwanafizikia Mjerumani aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake nchini Urusi. Warusi humwita Boris Semyonovich Jacobi.

Anajulikana hasa kwa kutengeneza mojawapo ya mota za kwanza za umeme zenye nguvu ya kutosha kufanya kazi, na kwa kuendesha boti kwa betri kwenye mto Neva mwaka 1838. Ndiye pia aliyegundua galvanoplastia, yaani njia ya kunakili umbo la kitu kwa tabaka la metali kwa kutumia umeme. Boti yake ilitembea, lakini haikuingia katika matumizi ya kawaida. Kikwazo kikubwa hakikuwa mota bali betri: iliishiwa nguvu, na wakati ule hapakuwa na njia ya maana ya kuijaza tena.

Maisha ya awali

Jacobi alizaliwa katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Baba yake, Simon Jacobi, alikuwa mwenye benki. Mdogo wake, Carl Gustav Jacob Jacobi (1804–1851), alikuwa mwanahisabati mashuhuri. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wanasayansi wa jina moja la ukoo, wasomaji huwachanganya mara kwa mara.

Moritz alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Göttingen, kisha akafanya kazi ya ujenzi nyumbani Prussia. Fizikia haikuwa kazi yake ya mshahara. Mwaka 1833 alihamia Königsberg (leo Kaliningrad, Urusi), mji ambako mdogo wake alikuwa profesa. Huko ndiko alikoanza majaribio yake ya sumaku-umeme.

Mota ya kwanza

Mwezi Mei 1834 Jacobi alikamilisha mota iliyozungusha mhimili moja kwa moja, bila kwanza kwenda mbele na kurudi nyuma kama pistoni ya injini ya mvuke. Ilikuwa na sumaku-umeme zilizosimama na nyingine zilizozunguka. Kifaa maalumu kiligeuza mwelekeo wa umeme kila baada ya sehemu ya mzunguko, ili sumaku zisinasane na kusimama.

Mota hiyo iliweza kuinua uzito wa kilogramu 5 hivi kwa mwendo wa sentimita 30 kwa sekunde. Nguvu yake ilikuwa takriban wati 15. Hata hivyo, ilionyesha kwamba umeme unaweza kufanya kazi inayopimika. Jacobi alipeleka taarifa yake kwa Akademia ya Sayansi ya Paris mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1835 Chuo Kikuu cha Königsberg kilimpa shahada ya udaktari wa heshima, na mwaka huohuo akawa profesa wa usanifu majengo huko Dorpat (leo Tartu, Estonia).

Boti ya umeme kwenye mto Neva

Mwaka 1837 Jacobi alihamia Saint Petersburg. Tsar Nikolai I alikubali serikali igharimie majaribio ya kuendesha vyombo vya majini kwa umeme, na tume ikaundwa chini ya Admirali Adam Johann von Krusenstern, nahodha aliyewahi kuizunguka dunia. Jacobi alifanya kazi pia na mwanafizikia Emil Lenz, ambaye kanuni yake hufundishwa hadi leo shuleni.

Mnamo Septemba 1838 boti yenye urefu wa karibu mita 8 iliondoka ikiwa na abiria wapatao kumi na wawili. Mota ilizungusha magurudumu ya makasia pande zote mbili za chombo. Betri ilikuwa na jozi 320 za bamba za metali, ikawa na uzito wa karibu kilogramu 200, na ilipangwa kando ya kuta mbili za boti. Nguvu ya mota ilikuwa takriban robo ya nguvufarasi. Boti ilikwenda kilomita 2.5 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu, lakini iliweza kwenda hata dhidi ya mkondo wa maji.

Mwezi Agosti 1839 Jacobi alirudi mtoni na mota yenye nguvu zaidi. Safari hii alitumia betri ya aina iliyobuniwa na William Robert Grove, yenye zinki na platini. Idadi ya seli ilipungua sana, nguvu ikaongezeka, na mwendo ukafika karibu kilomita 4 kwa saa. Alimweleza Michael Faraday wa Uingereza kazi hiyo kwa barua.

Kwa nini boti haikuendelea

Betri za Jacobi zilitoa umeme kwa kula zinki yake yenyewe. Zinki ilipokwisha na asidi ilipochoka, mwenye boti alipaswa kununua nyingine. Kwa kazi ileile, zinki na asidi ziligharimu zaidi kuliko makaa ya mawe katika injini ya mvuke.

Betri ya Grove ilikuwa na matatizo zaidi. Platini ni metali ghali. Tena betri hiyo hutumia asidi kali ya nitriki, ambayo hutoa gesi ya kahawia yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Ndani ya chombo kidogo chenye watu, hilo si jambo dogo.

Jacobi aliendelea kuboresha mota, lakini ile ya mwaka 1841 haikuipita sana ya 1839. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 majaribio yalisimama. Serikali ilikuwa imetoa fedha nyingi, na yeye mwenyewe alikuwa ameweka matumaini makubwa katika kazi hiyo. Hata hivyo alikubali matokeo: umeme wa betri za namna hiyo usingeweza kushindana na mvuke kwa bei.

Kanuni ya Jacobi

Majaribio hayo yaliacha somo muhimu. Kila betri ina ukinzani wa ndani. Jacobi alionyesha kwamba betri hutoa nguvu kubwa kabisa kwa chombo kinachoitumia pale ukinzani wa chombo hicho unapolingana na ukinzani wa ndani wa betri.

Tuchukue mfano wa betri ya volti 12 yenye ukinzani wa ndani wa ohm 1:
- Ikifungwa kwenye chombo cha ohm 1, mkondo ni ampea 6. Chombo hupata wati 36, na wati 36 nyingine hupotea kama joto ndani ya betri.
- Ikifungwa kwenye chombo cha ohm 5, mkondo ni ampea 2. Chombo hupata wati 20, na zinazopotea ni wati 4 tu.
- Ikifungwa kwenye chombo cha nusu ohm, mkondo ni ampea 8. Chombo hupata wati 32, na betri hupoteza wati 64.

Nguvu kubwa kabisa, basi, si sawa na ufanisi mkubwa kabisa. Anayedai nguvu zote za betri kwa mara moja hupoteza nusu yake kwa joto. Kwa muda mrefu watu waliielewa kanuni hii vibaya, wakadhani hakuna mota inayoweza kuwa na ufanisi unaozidi asilimia 50.

Jacobi alitambua pia kwamba mota inapozunguka huzalisha umeme unaopinga ule unaoiendesha. Ndiyo sababu mwendo wake hauongezeki bila kikomo.

Galvanoplastia

Mwaka 1838, mwaka uleule wa boti, Jacobi aliona kwamba shaba iliyojijenga juu ya bamba ndani ya betri inaweza kubanduliwa, na kwamba inabeba alama zote za bamba lile hadi mikwaruzo midogo. Aliitangaza njia hiyo, na mwaka 1840 akatoa kitabu juu yake. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Demidov.

Ugunduzi huu ulipata matumizi haraka. Ulitumika kutengeneza vibao vya kuchapia noti na nyaraka za serikali, pamoja na sanamu za Kanisa Kuu la Mt. Isaka mjini Saint Petersburg. Kile kilichoiharibu betri ya boti kama chombo cha nguvu, yaani metali kuyeyuka upande mmoja na kujijenga upande wa pili, kikawa msingi wa kiwanda.

Telegrafu, mabomu ya majini na vipimo

Mwaka 1841 Jacobi alijenga laini ya telegrafu kati ya Kasri la Majira ya Baridi na Makao Makuu ya Jeshi. Mwaka 1843 alijenga nyingine ya kilomita 25 hivi hadi Tsarskoye Selo. Alibuni pia mabomu ya majini yaliyolipuliwa kwa umeme, ambayo yalitegwa kuilinda bandari ya Kronstadt wakati wa Vita vya Krimea (1853–1856).

Tangu mwaka 1847 alikuwa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi ya Saint Petersburg. Katika miaka yake ya mwisho alitetea matumizi ya mfumo wa mita kimataifa. Alifariki mwaka 1874 na kuzikwa katika makaburi ya Kilutheri ya Smolensky mjini humo.

Betri za boti baada ya Jacobi

Jacobi alikuwa bado hai pale Gaston Planté wa Ufaransa alipobuni betri ya risasi na asidi mwaka 1859. Betri hiyo ikipitishiwa umeme kwa kinyume hurudi katika hali yake ya awali, hivyo haihitaji kubadilishiwa metali. Dainamo zilipoanza kutoa umeme wa bei nafuu, kikwazo cha mto Neva kilianza kuondoka. Mwaka 1882 boti iliyoitwa Electricity ilisafiri kwenye mto Thames, London, kwa betri za kuchajiwa.

Katika boti za leo kazi hiyo hufanywa na vifaa viwili, ambavyo mara nyingi huwekwa katika kasha moja. Chaja hupokea umeme wa mkondo geu kutoka gatini au kwenye jenereta na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa kujaza betri. Inveta hufanya kinyume: huchukua volti 12 au 24 za betri na kutoa volti 230 kwa vyombo vya kawaida kama vya nyumbani.

Kanuni ya Jacobi bado inatawala hapo. Chombo cha wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 hudai zaidi ya ampea 80. Kwa hiyo waya kati ya betri na inveta huwa mfupi na mnene, na fyuzi huwekwa karibu na betri. Kwa volti 24 mkondo hupungua kwa nusu. Betri ndogo au iliyozeeka, yenye ukinzani mkubwa wa ndani, hushuka volti ghafla ikidaiwa mkondo mkubwa, na inveta hujizima ingawa chaji haijaisha. Tena betri za risasi na asidi hutoa gesi ya hidrojeni zinapochajiwa, na gesi hiyo hulipuka. Kwa hiyo mahali zinapokaa huhitaji kupitisha hewa, kama boti ya Jacobi ilivyohitaji.